Magari Elfu Sita Yaliyoingia Zelena

Watu wa jijini husema Barabara 143 haitoki popote wala haiendi popote. Waseme tu, mdomo mali yao. Ukitoka Marlow, yaliko makao ya kaunti, unakwenda magharibi maili ishirini na mbili katikati ya mahindi na soya. Unapita Dunmore, penye kanisa na mashine moja ya kuuza soda. Unapita Kasparville, ambako hata hiyo mashine hakuna. Halafu maghala marefu ya nafaka yanachomoza mbele yako, na hapo umefika Zelena, Nebraska, mji wa watu mia tatu na kumi na mmoja. Baada ya Zelena barabara inaingia kaunti nyingine, na sifa za huko tunawaachia wenyewe.

Hakukuwa na mtu aliyeijua barabara hiyo kama Vlasta Kucera. Aliendesha basi la shule juu yake kwa miaka thelathini na minane, na kila mzaliwa wa Zelena aliye chini ya miaka hamsini amewahi kukemewa naye kupitia kile kioo cha juu ya usukani. Delmar Ostdiek, mwenyekiti wa mji na meneja wa maghala, ni mwanamume wa kilo mia na ishirini mwenye wajukuu wawili. Mpaka leo akimwona Vlasta anakuja, anatema chingamu.

Vlasta alikuwa na sheria moja ya udereva: usikate kushoto kama unaweza kufika kwa kukata kulia. Kukata kushoto, alisema, ni kujipeleka mwenyewe mbele ya lori linalokuja. Na kwetu barabara za vumbi zimechorwa miraba mitupu, kila mmoja maili moja kwa maili moja, kwa hiyo popote unapotaka kwenda unaweza kufika kwa kulia, kulia, kulia. Utachelewa, lakini utafika. Watoto wa Zelena walichelewa kurudi nyumbani miaka thelathini na minane, na hakuna hata mmoja aliyepata mkwaruzo. Neno la Vlasta kuhusu barabara likawa halibishiwi tena.

Mwezi wa tisa mwaka jana ikaja barua. Ofisi ya barabara ya jimbo ilitaka kuikabidhi kaunti kile kipande cha kutoka Marlow mpaka Zelena. Sababu ni kwamba magari yamepungua. Barabara ya jimbo inatakiwa ipate magari mia nne kwa siku, ukijumlisha yanayokwenda na yanayorudi, na kila dalili ilionyesha kwamba hatufiki. Mwezi wa kumi watakuja kuyahesabu. Yakipungua mia nne, barabara ni mali ya kaunti.

Wengine walinung'unika kwa ajili ya jina la mji na heshima yake. Vlasta aliisoma barua akiwa amesimama jikoni, na cha kwanza alichowaza ni Marlow. Mumewe Lumir alikuwa amepata kiharusi miaka mitano nyuma, na tangu hapo anaishi kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule Marlow. Kila siku ya Mungu, saa sita mchana, Vlasta anakuwa pale na bakuli lililofungwa kwa taulo, kwa sababu chakula cha pale, kwa maneno ya Lumir mwenyewe, hakina chumvi wala haya. Wakati wa theluji gari la jimbo la kusukuma theluji hupita 143 kabla jua halijachomoza. Kaunti ina magari mawili ya kazi hiyo kwa barabara zake zote, na barabara ya makaburini iliwahi kuachwa siku tisa. Siku tisa! Vlasta alijiuliza Lumir atakula nini siku tisa, na atamtazama nani.

Basi akajifunga kibwebwe.

Mkutano ulifanyika kwenye mkahawa wa Rosalie Vodicka, maana ndiko kwenye kahawa. Vlasta alichora ramani kwenye karatasi ya kufungia mikate.

"Mpira wao mrefu wa kuhesabia wataulaza hapa, kukatiza barabara, mashariki ya mji, kwenye kibao cha kuingilia," alisema. "Gari likiukanyaga, linahesabiwa. Sasa, sisi tuna magari mangapi?"

"Ya kutembea au ya kuegesha?" aliuliza Delmar.

"Ya kutembea, we Delmar. Yako ya kuegesha tunayajua."

Yakapatikana sitini na matatu, ukihesabu na gari la zimamoto.

"Unaukanyaga mpira ukiingia mjini," Vlasta aliendelea, kidole kikitembea juu ya karatasi. "Kwenye maghala unakata kulia. Mwisho wa mraba, kulia. Maili moja, kulia tena. Unarudi barabara kuu, kulia, unaukanyaga tena. Hakuna kukata kushoto, hakuna kupita mwenzio, na ole wake nitakayemwona na simu mkononi."

"Ndiyo, Bi Vlasta," walijibu watu wazima arobaini, kwa sauti ile ile ya mwaka wao wa kwanza wa shule.

Jumatatu jioni wafanyakazi wa jimbo wakaja, wakapigilia mipira yao lamini, wakaondoka. Ilikuwa miwili, imelazwa pamoja, imepishana hatua moja tu. Watu walikwenda kuitazama.

"Kwa nini miwili?" aliuliza Rosalie.

"Mmoja wa akiba," alisema Delmar, kwa ile sauti ya mtu anayejua. Hakuna aliyetaka kuonekana mjinga, kwa hiyo wakaitikia kwa vichwa.

Jumanne asubuhi, saa moja kamili, ikaanza. Jamani, ningekuwa na uwezo ningewarudisha nyote mkaione asubuhi ile! Vlasta alitangulia na gari lake dogo la kijani, kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi. Nyuma yake pikapu ishirini na kitu. Nyuma ya pikapu trekta nne, gari la zimamoto, basi la shule lililokuwa halina safari mpaka saa tisa, gari la maiti la ndugu Prucha lililokuwa halina mteja, na mwisho kombaini ya kuvunia mahindi yenye upana wa nyumba, ambayo dereva wake alikuwa amelala kwa muda wa saa tatu tu baada ya kumaliza shamba lake. Tap-tap, tap-tap, mipira ilipiga chini ya magurudumu. Mzunguko maili nne. Vumbi la barabara za nyuma likapanda likasimama juu ya mji.

Mzunguko wa kumi watu walianza kupiga honi wakipita mpirani. Mzunguko wa ishirini Rosalie akatoka na sinia la kolache, vile vimkate vyenye jamu ya plamu katikati, akawa anazipenyeza madirishani magari yakipita polepole. Gari la maiti lilichukua nne.

"Hizo zote za nani, Prucha?" Rosalie alimpigia kelele.

"Mbili zangu, mbili za abiria!"

"Abiria gani? Nyuma hamna kitu!"

"Ndiyo maana nazila mimi!"

Padri, aliyekuwa amesema asubuhi kwamba jambo lile lina harufu ya udanganyifu, saa tano alionekana kwenye gari lake akiufuata msafara. Alipoulizwa alisema anatembelea waumini, na waumini wote wako barabarani. Mchana mtu mmoja wa Dunmore, aliyekuwa akipita na shughuli zake, alijikuta katikati ya msururu, akaogopa kutoka, akazunguka mara sita kabla hajauliza mazishi ni ya nani. Akaambiwa si mazishi. Akazunguka mara nyingine tatu, safari hii kwa kupenda.

Vlasta alicheka mpaka ubavu ukamuuma. Ana miaka sabini na mmoja, na kwa siku mbili zile alikuwa na kumi na saba. Kila alipotazama kioo, dereva wa nyuma alinyanyua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, ndiyo salamu yetu ya barabarani, na yeye alinyanyua cha kwake. Jumatano jioni kidole kilikuwa kimevimba. Asubuhi zote mbili alimpigia Lumir simu akamwambia, "Leo siji mzee, nina shughuli." Alikata simu upesi kwa sababu msururu wa magari ulikuwa unamsubiri.

Alhamisi alikwenda Marlow na bata wa kuoka. Lumir alikuwa amekaa dirishani na shati lake safi. Hakugeuka.

"Nimekuletea bata."

Lumir akanyoosha kola ya shati lake.

"Lumir! Umenuna?"

"Nilijua umekufa," alisema Lumir, akilitazama dirisha. Tangu kiharusi maneno yake hutoka moja moja, lakini hutoka. "Miaka mitano. Hujawahi kuwa na shughuli."

"Si nilipiga simu? Maiti gani anapiga simu?"

"Siku mbili, Vlasta. Nimevaa shati safi siku mbili, nakungoja."

Hapo ndipo kitu kilipomchoma. Alivuta kiti, akamsimulia yote, kombaini, kolache, padri, mtu wa Dunmore. Lumir alijitahidi kubaki amenuna. Alifika mpaka kwenye gari la maiti, akashindwa. Alicheka mpaka muuguzi akaja mbio kumpima mapigo ya moyo.

Jumatatu iliyofuata mhandisi wa jimbo akaja kwenye ukumbi wa zimamoto. Aliitwa Ansel Thorup, kijana mrefu mwenye adabu, na fundo la tai yake lilikuwa limepinda. Mji wote ulikuwa umeketi, umechana nywele. Delmar alikuwa ameshaandika hotuba ya shukrani.

"Kwanza asanteni kwa kahawa," alisema Bwana Thorup. "Mashine yetu ina mipira miwili, ili tujue gari limetoka upande gani."

Rosalie alimgeukia Delmar polepole. Delmar akakagua kucha zake.

"Kwa mujibu wa mashine," kijana aliendelea akisoma, "katika siku mbili yaliingia Zelena magari elfu sita mia nne na kumi na mawili." Akageuza karatasi. "Yaliyotoka ni mia moja ishirini na mawili. Sasa naomba mnisaidie ndugu zangu. Mengine mmeyaweka wapi?"

Mji wote ukamgeukia Delmar.

"Tuna maegesho makubwa," alisema Delmar.

Ukumbi ukalipuka. Watu walilia kwa kicheko, Prucha aliteleza kwenye kiti, na mhandisi mwenyewe akaficha uso nyuma ya makaratasi, mabega yakimtikisika. Vlasta hakucheka. Alikuwa anaziona zile kulia zake nne kwenye karatasi ya mikate, na ndani ya kila kulia anauona uso wa Lumir dirishani. Akasimama.

"Ni mimi," alisema. "Hawa niliwaendesha mimi. Wamezoea kuniitikia tangu wadogo, usiwalaumu. Hatukuwa tunakwenda popote, bwana. Tulikuwa tunazunguka. Na siku zile mbili hata tuliokuwa na pa kwenda hatukwenda. Mimi mwenyewe kila siku nakwenda Marlow kwa mume wangu, ni mgonjwa. Siku zile sikwenda. Nilimwacha amevaa shati ananingoja, mimi nazunguka maghala."

Kicheko kikazimika. Bwana Thorup akaweka makaratasi chini.

"Nilishuku, mama," alisema. "Kombaini moja imeingia mjini mara tisini na nne." Akafungua fomu. "Kuna kisanduku hapa kimeandikwa 'shughuli isiyo ya kawaida'. Mazishi makubwa, maonyesho ya kilimo, mambo hayo. Miaka mitatu kazini sijawahi kukitia alama." Akakitia alama. "Hesabu hii inafutwa. Tutarudia wiki ijayo, kabla ya theluji, kwa sababu majembe ya magari ya theluji hukata mipira. Siku mbili za kawaida. Mkizunguka tena nafunga faili. Nataka safari za kweli tu."

"Safari ya kweli ndiyo ipi?" aliuliza Vlasta.

"Mtu ana mahali anakokwenda, na ana sababu."

"Kumwona mume?"

"Hiyo ni safari, mama. Tena ya kwanza kwenye orodha."

Nikuambieni, hakuna kazi ngumu kama kuwaambia watu wa Zelena wawe wa kawaida. Jumatano ile ya marudio watu walitembea barabarani wamekakamaa kama wanapigwa picha. Prucha alisahau mkate dukani Marlow, akafika nusu ya njia, akaogopa kurudi asije akaonekana anazunguka. Delmar alimpigia Vlasta simu kuuliza kama kwenda kwa daktari wa meno ni safari ya kweli ikiwa jino haliumi. Vlasta alikwenda Marlow akarudi, mara moja kwenda, mara moja kurudi, na kila alipoukanyaga mpira mikono ilimwasha aukanyage tena.

"Ukienda mara mbili?" Lumir alimuuliza siku hiyo.

"Nafungiwa faili. Kila mtu aende anakokwenda tu, basi."

Lumir akaweka uma chini. "Mimi ndiye siendi popote," alisema.

Alhamisi, saa nne na nusu asubuhi, Vlasta alikuwa anafunga bakuli kwa taulo aliposikia honi uani. Akachungulia. Gari jeupe la nyumba ya wazee lilikuwa limesimama mbele ya mlango wake, na dereva, mama mmoja mnene mcheshi aitwaye Shanda, anashusha kiti cha magurudumu. Kwenye kiti alikuwepo Lumir, na kofia yake ya harusini na shati safi.

"Yesu na Maria! Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa," alisema Lumir. "Nimekuja kumwona mke wangu. Si safari hiyo?"

"Alianza kunisumbua tangu jana jioni," alisema Shanda. "Daktari kasaini. Tumefika kwenye ule mpira akaniambia nipite polepole ausikie."

"Nimeusikia," alisema Lumir. "Mara mbili."

Ilikuwa miaka mitano tangu alipouona mlango ule. Vlasta akaanza kufungua taulo la bakuli kana kwamba ndilo lenye haraka. Waliingia. Wakala mezani kwao, Lumir kwenye kiti chake cha zamani, Shanda kwenye kile cha wageni, bata na kabichi chachu na maandazi ya mvuke. Lumir alikagua kila kitu, akalalamika kwamba pazia si lile, kwamba saa inachelewa, kwamba jirani amesimika uzio hatua nzima ndani ya uwanja wao. Vlasta alikubali kila lawama huku akicheka na kufuta macho kwa aproni. Walikuwa wanamalizia kahawa alipoweka kikombe chini.

"Lumir. Unajua umefanya nini?"

"Nini tena?"

"Wewe umekuja, kwa hiyo mimi siendi. Gari lako limehesabiwa, langu limefutika. Tumebaki pale pale!"

Lumir alifikiri. Taratibu uso wake ukakunjuka, ule upande mmoja unaoweza kukunjuka, na akaanza kucheka, na Shanda akaanza, na Vlasta akapiga meza vikombe vikaruka.

"Mhandisi wewe!" alimwambia. "Umesoma shule moja na Delmar!"

Saa nane Shanda alisema muda umefika. Wakamvalisha Lumir koti, wakampandisha garini. Vlasta alimfunga mkanda, akamwekea kofia vizuri, akampa bakuli la mabaki, akarudi kusimama kwenye ngazi. Gari jeupe lilirudi nyuma, likageuka. Kioo cha nyuma kilikuwa kikubwa, na Vlasta aliiona ile kofia ikijaribu kugeuka imtazame na kushindwa.

Hakurudi ndani kuchukua mkoba. Hakuchukua hata koti. Aliingia kwenye gari lake la kijani na aproni yake, akaliwasha, akatoka uani, na kwenye barabara kuu akakata kushoto, palepale, mbele ya lori la mahindi lililompigia honi ndefu mpaka Rosalie akatoka nje ya mkahawa. Akalifuata gari jeupe maili zote ishirini na mbili. Alikaa na Lumir mpaka chakula cha jioni, kile kisicho na chumvi, akala naye. Akarudi kabla giza halijashika.

Barua ya jimbo ilifika wiki ya Krismasi. Wastani wa siku mbili: magari mia nne na mawili. Barabara inabaki ya jimbo kwa miaka mingine mitano. Mkahawani walibishana mpaka kahawa ikaisha ni nani alileta yale mawili. Delmar alidai ni jino lake. Prucha alidai ni mkate wake, kwa kuwa hatimaye aliurudia kwa moyo mgumu. Wakamgeukia Vlasta wamuulize siku ile ya Alhamisi aliukanyaga mpira mara ngapi.

"Sijui," alisema Vlasta, na ilikuwa kweli. "Sikuusikia. Nilikuwa naitazama kofia."